Waseme na Mbwa wa Mwaloni

Odeta Shimba hakuwa mtu wa kukaa. Kwa miaka mingi riziki yake ilikuwa kukimbia. Pale Kigongo, magari yalipopanga foleni kusubiri kivuko cha kwenda Busisi, yeye alipita dirisha hadi dirisha na beseni la mayai ya kuchemsha na karanga, na kwa kutazama tu alijua ni basi lipi litaondoka kabla abiria hajatoa mkono nje. Akiumwa malaria alikuwa anaumwa mara mbili, homa yenyewe na kule kulazwa.

Daraja la kuvukia pale lilipofunguliwa, magari yakaanza kupita juu bila kusimama. Siku za mwanzo Odeta aliendelea kwenda barabarani na beseni lake. Mabasi yalimpita, yakamwachia upepo tu. Wenzake wakatawanyika, wengine stendi, wengine mashambani. Binti yake Dorcas, fundi cherehani aliyepanga nyumba mjini, mtaa wa Pasiansi, akampigia simu. Mume wake Dorcas alikuwa safarini muda mwingi na yeye mwenyewe alikuwa mjamzito. Akamwambia mama yake aje wakae wote. Odeta akaja na mabegi, beseni na mbwa.

Mbwa huyo alikuwa jike, rangi ya udongo, masikio yamesimama. Alizaliwa kivukoni chini ya meza ya mama ntilie. Odeta alimpa jina Waseme wakati ule alipoachana na mumewe na majirani wakawa hawana habari nyingine. Alisimama mlangoni akamwita mbwa kwa sauti, na waliokusudiwa walisikia. Baadaye wakachoka kusema, jina likabaki.

Kivukoni Waseme alijuana na kila mbwa. Walikoromeana wakapatana kabla vumbi halijatulia. Kamba hakuwahi kuivaa. Pasiansi mambo yalikuwa mengine. Nyumba zilikuwa na kuta na mageti, na jirani mmoja alimwambia Odeta wazi kwamba hataki mbwa anayezurura karibu na watoto wake. Odeta akanunua kamba.

Kila asubuhi wawili hao walishuka mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa na kina mama wanaanika dagaa. Odeta alikuwa amepata kazi ya kugeuza dagaa juani, kazi ambayo angalau ilimpa sababu ya kutembea huku na huku. Waseme alilala kivulini, kamba imefungwa kwenye mguu wa kichanja.

Ugomvi ulitokea asubuhi moja, wakiwa ndiyo wanafika. Wavuvi walikuwa wametupa matumbo ya samaki kando ya mawe, na mbwa wa pale walikuwa wameyazunguka. Mmoja, dume kubwa jeusi, akainua kichwa na kuanza kuja. Waseme akafanya alivyozoea Kigongo: akageuza ubavu, akainamisha shingo, akataka kuzunguka kwa mbali ili mwenzake aone kwamba yeye anapita tu. Lakini Odeta alikuwa ameyaona meno ya lile dume. Akaizungusha kamba mkononi, akavuta kwa nguvu zake zote. Shingo ya Waseme ikainuka, miguu ya mbele ikaning'inia, kifua kikawa mbele kama cha mbwa anayejitanua. Dume likamrukia, na wengine wakafuata.

Odeta alipiga kelele na kuvuta. Kadiri alivyovuta ndivyo Waseme alivyokosa pa kugeukia. Mvuvi mmoja akaja na ndoo ya maji, akawamwagia, akapiga ndoo kwenye jiwe mpaka wakatawanyika. Waseme alikuwa amelala ubavu kwenye mchanga. Sikio lilikuwa limechanika, begani kulikuwa na tundu linalotoa damu. Odeta bado alikuwa ameishika kamba, na vidole vyake vilikataa kufunguka.

Daktari wa mifugo, dada mmoja wa Kihaya aitwaye Kokuberwa, alimshona mbwa siku ile ile na kumwongezea chanjo ya kichaa juu ya ile aliyokuwa nayo. Vidonda vilipona vizuri. Manyoya yakaota begani, sikio likabaki na pengo ambalo Dorcas alisema linampendeza.

Mbwa mwenyewe ndiye hakupona. Alihamia nyuma ya tangi la maji, akatoka huko kwa kula na kwa haja tu. Mbwa akibweka mtaa wa pili, yeye hutetemeka. Akifikishwa getini, mkojo unamtoka. Kisha ikaja hali iliyomtisha Odeta zaidi: akimwona mbwa yeyote barabarani, hata kitoto, Waseme alijirusha mbele akibweka kwa sauti ya kukwaruza, mate yakimtoka, mpaka ajikabe kwa kamba mwenyewe. Majirani wakaanza kuvuka barabara.

Odeta naye akawa hatulii. Kazini alikwenda bila mbwa, na akiwa kazini aliwaza nyumbani. Nyumbani aliingia chumbani akasahau alichofuata, akatoka, akachungulia nyuma ya tangi, akafagia.

"Mama, hapo umeshafagia," Dorcas alimwambia kutoka kwenye cherehani.

"Kuna vumbi."

"Vumbi unalitia wewe kwa kufagia. Kaa kidogo, mama. Hata mimi unanifanya nishone kombo."

Odeta alikaa. Baada ya muda mfupi alisimama kwenda kuangalia kama geti limefungwa, na lilikuwa limefungwa.

Mwisho alirudi kwa Kokuberwa. Hakumpeleka mbwa, kwa sababu njiani kulikuwa na mbwa. Daktari alimsalimu shikamoo, akamvutia kiti, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, siku ile kamba uliishikaje?" aliuliza.

Odeta akamwonyesha, mkono umezungushwa, kiwiko juu.

"Na sasa hivi mkiona mbwa barabarani, unaishikaje?"

Odeta akafikiri. Kiwiko kilikuwa bado juu. Akakishusha taratibu.

"Basi ndiyo hivyo," Kokuberwa alisema. Hakusema kwa kulaumu. "Yeyote angevuta. Ila kwa Waseme mambo matatu yamekuwa kitu kimoja: mbwa anatokea, shingo inakabwa, anang'atwa. Ukivuta tu, anajua balaa limekuja. Anabweka ili liondoke kabla halijafika."

"Sasa nimpige akibweka? Kuna mtu ameniambia nimpige."

"Usimpige. Utamwongezea la nne." Daktari akafungua droo, akatoa mkanda mpana wa kuvaa kifuani badala ya shingoni. "Mvalishe huu. Halafu mtafutie mahali ambapo mbwa wengine anawaona, lakini wako mbali kiasi kwamba bado anaweza kula. Kila anapowaona, mpe kitu kizuri. Akikataa kula, jua mmesogea mno, rudini nyuma. Mkae hapo mpaka achoke kuwaangalia."

"Tukae?"

"Mkae, mama. Bila kumfanyia lolote. Hiyo ndiyo dawa."

Odeta alitoka pale na mkanda chini ya kwapa, akitembea haraka kama kawaida yake. Angeambiwa amchemshie mizizi mbwa huyo au ambebe mgongoni mpaka Magu, angefanya. Lakini kukaa?

Alipata mahali juu ya mawe makubwa yaliyo nyuma ya nyumba za Pasiansi, ambapo ziwa lote linaonekana na mwalo uko chini sana, mbwa wakionekana kama vipande vya gome vinavyotembea. Kufika huko walipita njia ya nyuma yenye vichaka, jioni kazi ikishaisha. Alibeba dagaa wakavu kwenye kikopo na ungo wa maharage, ili mikono yake iwe na la kufanya.

Siku ya kwanza Waseme alimwona mbwa wa chini, akakaza mwili mzima. Odeta akamnyooshea dagaa. Waseme hakuwa na habari nao. Wakapanda juu zaidi, mpaka jiwe la mwisho, na huko Waseme akanusa, akachukua mmoja, akamtema, akamchukua tena.

Ndivyo walivyoendelea. Mbwa akitokea, dagaa. Mbwa akiondoka, basi. Odeta alichambua maharage, akayachanganya, akayachambua tena. Miguu ilimcheza yenyewe. Kila dakika alitaka kusimama aone kama yule mbwa mweusi yupo, lakini akisimama Waseme naye husimama, manyoya ya mgongo juu. Kwa hiyo alijilazimisha, na kujilazimisha huko kulimchosha kuliko foleni nzima ya Kigongo. Alirudi nyumbani mgongo ukimuuma kwa kukaa.

Siku moja, bila Odeta kujua ilianza lini, Waseme alimwona mbwa chini akageuka kumtazama yeye. Macho yalikuwa kama ya mtu anayesema, nimemwona, haya lete. Odeta akampa dagaa wa kiganja kizima. Kisha wakateremka jiwe moja.

Mambo yangebaki hivyo, polepole, pengine yaliyofuata yasingetokea. Lakini Dorcas tumbo lilikuwa limeshuka, na alikuwa ameanza kumwangalia mbwa kwa jicho lingine. Odeta aliliona jicho hilo. Akaona muda unamkimbia, akafanya alichofanya maisha yake yote: akaongeza mwendo. Asubuhi moja alimvalisha Waseme mkanda na kumteremsha moja kwa moja mwaloni.

Kwenye kona ya mwisho, kabla ya vichanja, mbwa mdogo wa kahawia alichomoza katikati ya mitumbwi, mkia unacheza. Hakuwa hata mmoja wa wale waliomng'ata. Waseme aliruka. Odeta, mkono wake ukitenda bila kumuuliza, akazungusha kamba na kuvuta. Waseme akageuka hewani akauma cha kwanza alichokikuta, nacho kilikuwa mkono wa Odeta.

Kidonda kilikuwa kirefu. Zahanati walikisafisha wakamdunga sindano, wakamwambia arudi kwa nyingine. Waseme alirudi nyuma ya tangi akakataa kula, na alipomwona Odeta na bandeji alijikunja akageuzia uso ukutani.

Jioni Dorcas aliacha cherehani akaja kukaa karibu na mama yake.

"Mama, nimeongea na baba mdogo Ngosha. Anakuja mjini kuleta mchele. Yuko tayari kumchukua Waseme, akae naye Magu."

"Ngosha ana mbwa wanne."

"Shamba ni kubwa."

"Wanne, Dorcas. Watammaliza."

"Na hapa?" Dorcas aliweka mkono kwenye tumbo. Hakuwa na hasira. "Amekuuma wewe uliyemlea. Kesho kutwa humu ndani kuna mtoto mchanga. Mimi nifanyeje, mama?"

Odeta alisimama akaenda getini, akarudi, akaenda tena. Hatimaye alisema, "Niachie mpaka Ngosha aje. Akija, sote tutamtazama mbwa, tuamue." Dorcas akakubali, ingawa aliitikia huku anaangalia pembeni.

Kesho yake Kokuberwa alikuja mwenyewe nyumbani. Alichuchumaa mbali na tangi, mgongo umemwelekea mbwa, akaongea na Odeta kana kwamba Waseme hayupo.

"Mkono wako haujajifunza bado," alisema. "Si ajabu. Tuupe kitu kingine cha kushika." Akamwonyesha namna ya kuvaa kamba kiunoni, mafundo mawili, ili mikono ibaki mitupu. "Na sasa anahitaji mbwa mmoja. Mmoja tu, mtulivu, mzee, asiye na haraka na dunia. Namjua mmoja."

Mbwa huyo aliitwa Jembe. Alikuwa wa Nathaniel, fundi wa mitumbwi aliyeachia kazi wanawe, aliyefiwa na mke, mtu wa maneno machache na mwendo mfupi kwa sababu ya goti. Jembe alikuwa na mvi mdomoni na alitembea kama anayekwenda kanisani mapema. Mbwa wakimbwekea alitazama pembeni, akanusa jani, akaendelea.

Walipanga kutembea asubuhi kwenye barabara pana ya vumbi inayopanda kutoka ziwani. Nathaniel na Jembe upande mmoja, Odeta na Waseme upande wa pili, wote wakielekea kule kule. Mbwa wasitazamane uso kwa uso, daktari alisisitiza.

"Mwangaluka, mayu," Nathaniel alimsalimu kwa Kisukuma kutoka ng'ambo.

"Mwangaluka," Odeta alijibu, na papo hapo akawa amewatangulia.

"Mama, unakimbilia wapi?" Nathaniel aliuliza.

"Sikimbii."

"Basi mimi narudi nyuma."

Odeta akapunguza. Ilikuwa shida. Alihesabu mawe, akauma midomo, akaweka mikono mfukoni, akaitoa, akaishika kanga yake. Waseme alikuwa amebana ukingo wa barabara, mkia tumboni, jicho moja halimwachii Jembe. Jembe hakumtazama hata mara moja. Alinusa mti akaukojolea. Walipokwisha pita, Waseme alisita pale, akanyoosha shingo kuelekea mti ule ng'ambo, pua ikicheza.

Asubuhi iliyofuata walianza nyuma kidogo, ili Waseme apite pale Jembe alipopita. Alinusa kila alichokinusa Jembe, kwa makini, kama anayesoma. Mkia ulishuka kutoka tumboni ukaning'inia.

Siku zikaenda. Upana wa barabara ukapungua, bila mtu kuupima. Siku nyingine ulirudi kuwa mpana, kwa mfano asubuhi pikipiki ilipolipua moshi na Waseme akabwekea kila kitu kilichokuwa hai. Odeta alitaka kulia siku hiyo. Kamba ilimkaza kiunoni, mikono yake ikaruka kuishika, akaikunja kifuani kwa nguvu, akasimama hivyo hivyo, amejikumbatia katikati ya barabara. Nathaniel alisimama ng'ambo. Jembe alilala chini. Baada ya muda Waseme alinyamaza, akajikung'uta kuanzia kichwani hadi mkiani, akamtazama Odeta usoni. Kamba ilikuwa imelegea yenyewe.

Kadiri nafasi ilivyopungua, Odeta na Nathaniel nao waliacha kupaza sauti. Odeta alimweleza habari za kivukoni, jinsi alivyojua mabasi kwa milio yake. Nathaniel alimweleza habari za mke wake, Evelina, aliyempenda Jembe kuliko yeye. "Alikuwa akisema mbwa huyu ana akili ya kunyamaza," alisema. Odeta alicheka. Alipotazama chini, mbwa wawili walikuwa wanatembea bega kwa bega, na Waseme alikuwa ameweka pua yake ubavuni mwa Jembe, anamnusa taratibu kutoka mbavuni kwenda nyuma. Odeta alitaka kumwita. Alifunga mdomo, akaendelea kutembea. Waseme alimaliza kunusa. Kisha Jembe, kwa heshima zote, akamnusa yeye, na Waseme akasimama akamruhusu, mguu mmoja wa mbele umeinuka, unatetemeka.

Siku ile walikuwa karibu na nyumbani. Dorcas alikuwa ametoka kununua nyanya na alisimama kwenye kivuli cha ukuta, mkono kiunoni. Aliyaona yote. Jioni alimkuta Odeta anafagia.

"Nimempigia baba mdogo," alisema. "Nimemwambia alete mchele tu."

Odeta aliacha ufagio.

"Lakini mtoto akizaliwa, mbwa haingii ndani," Dorcas akaongeza. "Na akiuma mtu tena, tutazungumza upya."

"Sawa, mwanangu."

Mtoto alizaliwa, msichana, akaitwa Teodora. Waseme alimnusa miguu kupitia kanga, kisha akaenda kulala mlangoni. Hakuwahi kuwa tena mbwa yule wa Kigongo. Akiona dume jeusi hubadilisha njia, na jambo hilo Odeta analiona ni la busara. Hawapendi mbwa wanaomjia mbio. Hukoroma kwa sauti ya chini na kugeuza ubavu, na sasa ana kamba ndefu ya kutosha kuugeuza. Lakini wengi humwelewa. Wananusa, wanapita, maisha yanaendelea.

Odeta na Waseme waliporudi mwaloni pamoja kwa mara ya kwanza, walikwenda na Nathaniel na Jembe, asubuhi ambayo mitumbwi ilikuwa bado haijafika na ufukwe ulikuwa karibu mtupu. Yule mbwa mdogo wa kahawia alikuwepo. Alisimama kwa mbali akiwaangalia, kisha akalala chini, kidevu kwenye mchanga. Waseme alikaza mwili. Odeta alihesabu pumzi zake mwenyewe. Jembe alikwenda kunywa maji ziwani.

Waseme alipiga hatua kuelekea kwa yule mdogo, akasimama, akapiga nyingine. Alizunguka kwa upande, mwili umepinda kama ndizi, akafika, akanusa. Halafu miguu yake ya mbele ikashuka ghafla mchangani, makalio yakabaki juu, na yule mdogo akaruka akaanza kukimbia. Waseme alimfuata mpaka kamba ikaisha.

"Mfungulie," Nathaniel alisema.

Odeta alianza kufungua kamba kwenye mkanda wa mbwa. Ilipofunguka, mbwa wakaondoka wote wawili kando ya maji, wakakata kona kwenye mtumbwi uliopinduliwa, wakarudi, wakapotea tena nyuma ya mawe. Odeta alisogea kushoto ili awaone, kisha kulia. Jina la mbwa lilikuwa tayari mdomoni. Alilimeza, akazungukazunguka pale pale kwenye mchanga, akisikiliza miguu yao ikikimbia upande ambao hauonekani.